Wimbo ni wa Anayetunza

Katika ukumbi wa taarab Tanga, mshairi huuaga wimbo wake mara tu vyombo vinapoanza. Tangu hapo wenyewe ni wanawake wanaoinuka vitini na noti mkononi. Mwenye kutunza hatamki neno. Huja kwa madaha, akichukua njia ndefu ili apite anapotaka kupita, mkono akiuinua kwenye ubeti huu na kuushusha kwenye ule, na kabla hajamfikia mwimbaji ukumbi umeshajua maneno yale yamemwendea nani. Yakiwa ya kijembe, aliyechomwa naye atainuka na noti zake kwenda kujibu. Yakiwa ya mahaba, anayekusudiwa mara nyingi si mume, maana mume hayupo. Yupo shoga yake, meza ya tatu, wamevaa sare.

Naanzia hapo kwa sababu wahakiki wetu hupita haraka mno kwenye suala la mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke katika sanaa ya pwani. Nikisema mapenzi nayachukua kwa upana wake wote, kuanzia usuhuba wa kuazimana dhahabu na kuliliana msibani, hadi ile hawaa ambayo watu huitaja kwa kushusha sauti. Anayetaka nimchoree mpaka kati ya hayo mawili atangoja sana. Sanaa yenyewe haijauchora, na kutouchora ndiko kulikoifikisha hapa ilipo.

Mwanaanthropolojia Kelly Askew, aliyeishi Tanga na kupanda jukwaani pamoja na vikundi vya huko, alieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2002, Performing the Nation, jinsi maana ya wimbo wa taarab inavyotengenezwa na anayetunza: ameinuka kwenye neno gani, amemtupia nani jicho, nani kamfuata. Watu wa Ngamiani, mtaa wa Tanga, hawakuhitaji profesa kutoka Marekani awaambie hilo. Wahakiki wa Kiswahili walilihitaji, na wengi hawajalisikia hadi leo. Wao huushika wimbo kama karatasi ya mtihani, wakatafuta dhamira na ujumbe, wakikutana na neno mpenzi wanaandika bila kusita kwamba hapa mwanamume anamsifia mwanamke, au mwanamke anamlilia mumewe. Wimbo haukusema hivyo. Kiswahili hakimlazimishi mtunzi kutaja kama anayependwa ni mume au mke, na washairi wa taarab wameifaidi ruhusa hiyo kuliko watu wengine wote wanaotumia lugha hii.

Tanga ina nafasi ya pekee katika habari hii. Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, ndio walioiondoa taarab kwenye okestra kubwa ya Unguja yenye fidla na ganuni, wakaishika kwa gitaa, besi na bongo, muziki ukawa mwepesi na wa kuchezeka. Santuri zao zilivuka mpaka hadi Mombasa na mbali zaidi. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilizikusanya baadhi ya nyimbo za vikundi hivyo viwili katika albamu iliyoitwa Nyota. Sauti zilizoubeba muziki huo zilikuwa za wanawake: Shakila Saidi, aliyefariki Agosti 2016, Sharmila na wenzao. Lakini beti nyingi walizoimba zilitungwa na wanaume.

Tazama basi kinachotokea. Mwanamume ameketi na kalamu, ametunga sifa za macho na mwendo wa mtu anayemtia wazimu. Maneno hayo yanaingia kinywani mwa Shakila, na yakishaingia ni ya mwanamke. Yanatolewa harusini, mbele ya mamia ya wanawake waliojipamba kwa siku tatu ili watazamane wao kwa wao. Nani anasifiwa macho? Shakila hakujibu, wala sidai kwamba alikusudia lolote. Swali liliachwa sakafuni, na aliyelichukua ni mwenye noti. Ndiyo maana ukimwuliza mama wa Chumbageni kuhusu wimbo fulani wa zamani, atakuhadithia nani aliutunza siku ile na nani alikasirika, kabla hajafika kwenye maneno, na mtunzi pengine hatamtaja kabisa.

Leso nazo zina tabia hiyo hiyo. Jina moja, rangi moja: ukimpa shoga ni pendo, ukijitanda mbele ya jirani ni vita. Na kabla taarab haijawa ya wanawake wengi kulikuwa na ngoma ya lelemama. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vyenye vyeo na sare zake, ambavyo vilishindana kwa karamu hadi waume wakalalamika kwamba nyumba zinafilisika. Fedha zote zile, na mapambo yote yale, yalielekezwa kwa wanawake wengine, wa kupendeza na wa kuumizwa roho. Mwanamume alikuwa mlipaji.

Wanawake wa Shanghai ya miaka ya 1940 wangeuelewa ukumbi huu bila mkalimani. Huko palisitawi yueju, opera iliyotoka mkoa wa Zhejiang, ambayo kufikia wakati huo ilichezwa na wanawake watupu. Mwanamke alivaa joho na kofia ya msomi, akamwimbia mapenzi mwanamke mwenzake aliyevaa kama binti wa tajiri, na kumbi zilijaa wanawake: wake wa nyumbani, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, masuria wa wafanyabiashara. Walio na uwezo waliwatunza waigizaji kwa vito na nguo, wakawafanya watoto wao wa kupanga. Mwaka 1953 kisa mashuhuri zaidi cha opera hiyo, cha Liang Shanbo na Zhu Yingtai, kilipigwa filamu ya rangi. Yuan Xuefen aliigiza msichana anayejigeuza mvulana ili akasome, na Fan Ruijuan, mwanamke pia, akamwigiza mvulana anayempenda. Mwaka uliofuata, Waziri Mkuu Zhou Enlai aliipeleka filamu hiyo kwenye mkutano wa Geneva na kuwaonyesha wageni, akiitambulisha kuwa ni Romeo na Juliet ya Wachina. Serikali ya kikomunisti ikajitambulisha duniani kwa wanawake wawili wanaokufa kwa kupendana, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa mmoja wao alikuwa amevaa joho.

Sisi huku tuliletewa China nyingine. Mwaka 2011 TBC ilianza kurusha tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake, sauti zikiwa zimetiwa Kiswahili, na Tanga ikaifuatilia kama mikoa mingine. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam, Machi 2013. Mashabiki walimpenda Doudou kwa jinsi anavyowamudu wakwe wawili, mama mzazi wa mumewe na mke mpya wa baba mkwe. Ni tamthilia ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho, na ni tamthilia ambayo kila mwanamke humo anajulikana kwa mwanamume anayemhusu. Aliyeichagua alichagua kwa makini.

Kile ambacho hakikuchaguliwa kina historia yake. China iliacha kuhesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai mwaka 1997, na mwaka 2001 ikayaondoa kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Filamu ya Li Yu, Fish and Elephant, iliyotoka mwaka huo wa 2001, ikazunguka kwenye matamasha ya nje bila kuonyeshwa rasmi nyumbani. Kisha kamba ikakazwa upande wa pili: kanuni za tamthilia za televisheni zilizojulikana mapema mwaka 2016 ziliyaweka mapenzi hayo katika kundi la mahusiano yasiyo ya kawaida, na mwaka uliofuata kanuni kama hizo zikafika kwenye video za mtandaoni. Ni halali kuishi, si halali kuonekana kwenye kioo.

Watengenezaji wa tamthilia walifanya walichofanya washairi wa Tanga. Mwaka 2021 jukwaa la Bilibili lilitoa Couple of Mirrors, kisa cha Shanghai ya zamani: mwandishi wa riwaya, aliyeigizwa na Sun Yihan, na mpiga picha mwenye siri nzito, aliyeigizwa na Zhang Nan. Wanatunzana majeraha, wanaishi nyumba moja, wanatazamana kwa muda ambao hakuna marafiki wanaotazamana hivyo, na neno lenyewe halitamkwi. Kwenye matangazo ni hadithi ya urafiki wa wanawake. Watazamaji, wengi wao wasichana, hukata vipande, huvipanga upya, huvitia muziki, na kumalizia mtandaoni kile ambacho kamera ilikiacha kwenye kizingiti. Hao ndio watunzaji wa China. Wanaijua kazi yao, na mwongozaji anaijua pia. Kila kizingiti amekiweka kwa ajili yao.

Mpaka hapa mtu anaweza kuniambia: basi fumbo la kwetu na fumbo la kwao ni moja. Sikubali. La kwao limekatwa na ofisi, na kila anayetazama anajua pameondolewa kitu. La kwetu lilikuwapo kabla ya ofisi. Limetokana na sitara, ile adabu ya pwani inayoruhusu mengi maadamu hayajatajwa, na mwenye kulishika ni mama mtu mzima, tena kwa hiari yake. Binti wa Shanghai anamlaani mkaguzi. Binti wa Pangani atamlaani nani? Bibi yake?

Ofisi nasi tunazo, lakini. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ipite mbele ya Bodi ya Filamu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Bara kinataja mambo ya kinyume cha maumbile bila kuwataja wanawake kwa wanawake. Zanzibar mwaka 2004 iliwataja waziwazi, na adhabu ikafika kifungo cha miaka 5. Ngoma ya baikoko, iliyotoka huku kwetu Tanga, imekemewa na wakubwa mara nyingi kwa kuuonyesha mwili bila pazia. Ajabu ni kwamba katika makemeo yote hayo sijasikia ofisa aliyemgusa mwanamke anayemtunza shoga yake ubeti wa mahaba mbele ya watu mia tatu. Hana la kumshika nalo. Noti haipelekwi mbele ya Bodi.

Ndiyo maana yaliyoipata Rafiki yana maana kubwa kwetu kuliko wengi walivyoyachukulia. Filamu hiyo ya Wanuri Kahiu ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao wanapingana kwenye uchaguzi, wanapendana. Mei 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kwenye tamasha la Cannes. Nyumbani, bodi ya filamu ilikuwa imeshaipiga marufuku tangu Aprili. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliifungulia kwa siku 7 tu, watu wakapanga foleni Nairobi na ukumbi ukajaa, kisha mlango ukafungwa tena. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaukubali ule uamuzi wa bodi.

Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Sikiliza hapo. Wasichana wakipendana, wakapigwa, wakatenganishwa, filamu ingeweza kuhesabiwa kuwa funzo. Kosa lilikuwa kwenye dakika za mwisho, pale mmoja anaporudi na mwenzake bado anangoja. China inaijua hesabu hii. Soul Mate ya mwaka 2016, filamu nzuri sana kuhusu wasichana wawili wanaopendana kwa miaka na miaka huku mwanamume amesimama katikati yao kama kisingizio, ilipita kwenye kumbi zote, na Zhou Dongyu na Ma Sichun wakagawana tuzo ya Golden Horse ya mwigizaji bora wa kike. Mmoja wa wahusika wao anakufa. Mauti ni kibali.

Rafiki haikuwaachia watazamaji kazi ya kutunza. Ilisema yenyewe, kwa midomo ya wahusika, kwa rangi za waridi na zambarau, ikamwondolea bibi wa Tanga uhuru wa kusema kwamba hao ni mashoga tu, wamezoeana tangu shuleni. Wapo wanaoilaumu kwa hilo, tena watu wa sanaa, kwamba imeharibu kitu kilichokuwa kikifanya kazi kimyakimya. Najua wanachokusudia, na kwa miaka mingi hoja hiyo imependwa sana pwani: acha fumbo lifanye kazi yake.

Ila fumbo lina kodi, na wanaoilipa si wanaolisifu. Mwaka 1987 Gill Shepherd alichapisha makala kuhusu Mombasa, akadai kwamba mapenzi ya jinsia moja huko, ya wanawake na ya wanaume, yalieleweka zaidi kwa kipimo cha cheo na uwezo: mwanamke tajiri aliyejitegemea angeweza kumlea mwenzake asiye na kitu, na jamii ikaangalia pembeni kwa heshima ya mali yake. Deborah Amory alimpinga miaka kumi na moja baadaye, akisema ameyapunguza maisha ya watu yakawa hesabu ya fedha. Nadhani Amory ana haki kuhusu maisha ya watu. Lakini kuhusu ukumbi wa taarab, Shepherd kagusa palipo na kidonda. Fumbo humhifadhi anayeweza kulitunza. Mwenye noti kumi huzunguka ukumbi mzima, na ubeti ni wake. Asiye na noti hana ubeti. Akisengenywa hana cha kujibia, akipenda hana cha kuonyeshea, na akitupwa na familia yake hakuna wimbo unaomtaja hata kwa mzunguko, kwa sababu nyimbo zote zimeshachukuliwa.

Lingine ni kwamba kisichotajwa hakikosolewi vizuri wala hakitetewi. Wanaosema mambo haya yameletwa na Wazungu, juzi kwenye simu, wanaweza kulisema hilo huku wameketi kwenye ukumbi uleule, wimbo uleule ukipigwa, shemeji zao wakipita na noti mbele ya macho yao. Hakuna andiko la kuwawekea mezani. Tuna utenzi wa Mwana Kupona wa karne ya 19, ushauri wa mama kwa binti juu ya kumridhisha mume. Utenzi wa mwanamke kwa shoga yake, wenye urefu huo na heshima hiyo, haukuingia kwenye vitabu vya shule. Waliyoambiana yalikaa kwenye leso, na leso huchakaa.

Katikati ya karne ya 17 mtunzi Mchina aliyeitwa Li Yu (si yule mwongozaji niliyemtaja) aliandika mchezo wa Lianxiang ban. Mke mchanga, Cui Jianyun, anakutana hekaluni na msichana, Cao Yuhua. Anavutiwa na harufu yake, kisha na mashairi yake. Wanafunga ndoa ya mchezo, wao wawili, mbele ya sanamu. Kisha wanatafuta njia ya kuishi pamoja, na njia wanayoiona ni moja: mke amshawishi mumewe amwoe yule msichana awe mke wa pili. Visa vinafuata, vikwazo vinafuata, na mwisho nyumba inakuwa moja, mume akifurahia bahati yake bila kujua vizuri ni ya nani. Mwaka 2010 mchezo huo ulirudishwa jukwaani Beijing kwa mtindo wa opera ya kunqu, Stanley Kwan akiuongoza, na ofisi haikuuzuia: ulikuwa wa kale, na wanandoa walikuwa halali wote watatu.

Nimejaribu kumfikiria mshairi wa Tanga akiutunga upya mchezo huu kwa taarab. Vifaa vyote anavyo. Uke wenza upo na ni halali, harufu ipo, udi na asumini havijaisha Ngamiani, na kutongozana kwa mashairi ndiyo kazi yetu. Bado wimbo wa wake wenza wanaopendana sijausikia. Uke wenza katika taarab ni vita, kuanzia mafumbo ya polepole ya Black Star hadi mipasho ya vikundi vya TOT na Muungano ya miaka ya 1990, na wanawake wenyewe ndio walioifanya iwe vita, kwa noti zao. Atakayeleta wimbo wa namna hiyo asiogope Bodi kwanza. Aogope ukumbi: nusu ya nyimbo wanazotunziana zingekosa wa kumchoma, na sijui kama kuna bibi atakayeinuka kuulipia.